Jiwe la Tumpe

Kila Osea alipotoka safari, mkewe Tumpe alimkanda mguu wa kulia kwa maji ya moto. Osea aliendesha treni ya abiria, na waliishi kota za reli pale Tunduma.

"Ni ile pedali, mama Roda," alilalamika. "Kutwa naikanyaga. Nikiinua mguu tu, treni inafunga breki yenyewe. Sasa dereva ni mimi au chuma?"

"Si uiwekee kitu kizito, baba Roda?"

Akampa jiwe lake dogo la kusagia ulezi, alilotoka nalo kwao Ileje alipoolewa. Alimwonea huruma mumewe. Huruma ile heri asingekuwa nayo.

Miezi mitatu mguu haukuvimba. Kisha, siku moja ya mwaka 1979, malaria ilimpanda Osea njiani, akazimia mteremkoni. Msaidizi wake alikuwa nyuma, anakagua injini. Jiwe liliendelea kukanyaga pedali. Treni iliingia stesheni kwa kasi, ikagonga mabehewa ya mbolea. Walikufa abiria wanne, na Osea.

Makame, fundi wa injini, ndiye aliyelirudisha jiwe, limefungwa gazetini.

"Shemeji, hili ni lako?"

"Langu. Nilimpa mimi."

Makame alimkabidhi. "Dereva akiwa mzima, breki ni yake. Anaona njia, anaamua. Lakini binadamu huugua, husinzia. Mguu wake ukilegea, mashine inafunga breki badala yake. Jiwe halilegei, shemeji."

"Mbona sisi wake wa madereva hamkutuambia?"

"Hapo tulikosa."

"Basi twende ukawaambie wengine. Leo."

Walipita nyumba kwa nyumba, Tumpe na jiwe lake mkononi. Mke wa dereva Enoka aliguna, ila jioni alikitupa kipande cha chuma ambacho mumewe alikiweka kwenye pedali. Madereva nao waliomba wapokezane na wasaidizi wao, ili miguu ipumzike. Wakakubaliwa.

Mwaka uliofuata, Tumpe akiwa safarini, treni aliyopanda ilisimama ghafla kwenye mashamba ya kahawa ya Hasamba. Enoka alikuwa amezimia, mguu umeteleza kwenye pedali. Hakuna aliyeumia.

"Treni gani hii, inasimama porini?" abiria mmoja alisonya. "Tutachelewa."

 Tumpe alikuwa akilia kwa uchungu. Mke wa Enoka angemkanda mumewe mguu jioni ile.