Nyumba Hii Hatuitiki

Giza lilikuwa linaingia. Kisirani yuko kibarazani anafunga kamba za viatu aende kazini, shangazi yake akamsimamia mlangoni kama askari.

"Unakwenda kuitikia tena?"

"Nakwenda zamu, shangazi."

"Zamu ndiyo nini kama si kuitikia? Mtu anakuita usiku, uso hujauona, wewe unajibu. Nyumba hii hatuitiki."

"Basi niwaambie wagonjwa waugue asubuhi, wakishakunywa chai."

Shangazi hakucheka. Mdogo wake mwenyewe aliitwa usiku, akaitika abee, akatoka... mpaka leo. Na wapo wanaonong'ona kwamba sauti iliyoita ilikuwa ya shangazi huyo huyo. Ugomvi wa neno hilo umezika watu, wenyewe haujazikwa.

Kisirani akabeba mkoba, akaenda zake. Jina hilo walimpa nyumbani tangu mdogo, maana ukimwambia kushoto yeye kulia. Hospitalini hakuna alijuaye.

Alikuwa anasomea udaktari wa akili. Usiku kazi yao iko hivi: daktari mdogo analala wodini na simu ya zamu, mkubwa wake analala kwake, mdogo akikwama anampigia. Mkubwa akisema choma sindano, unachoma. Akisema mgonjwa aende, anakwenda. Ukikaidi, masomo umeyaaga.

Usiku ule alikuwepo mzazi mmoja, kichanga chake hata shingo haijakaza. Tangu ajifungue hajatamka neno. Giza likiingia anainuka, miguu mitupu, anaufuata mlango. Juzi ndugu zake walimdaka ukingoni mwa kisima, mguu mmoja umeshaning'inia.

Taa zikapepesa. Simu ikalia. Jina la mkubwa wake.

"Yule mzazi," sauti ikasema. "Mfungulie aende. Ndugu zake wako nje."

"Saa hizi, kaka? Jioni si umesema asitoke?"

"Mfungulie."

Akamgeukia muuguzi, mama mtu mzima. "Anasema tumwache aende."

Muuguzi akachomoa funguo. "Mkubwa akisema amesema, mwanangu. Tusijitafutie."

Hapo ndipo harufu ilipokuja... Udongo. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Ilikuwa inatoka kwenye simu.

Mzazi ameshafika mlangoni. Hana viatu.

"Kaka," Kisirani akanong'ona, "jioni nilikuuliza nimchome sindano gani. Ulinijibu nini?"

Pumzi tu.

Kisha taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto:

"Kisirani... mfungulie."

Jina la nyumbani hilo.

"Sifungui!" Akampokonya muuguzi funguo, akazitia kifuani. "Umenisikia? Masomo chukua, cheo chukua. Huyu humpati! Kama ni mwanamume, kama ni mwanamke, kama ni mdudu gani sijui, njoo uniite uso kwa uso!"

Mlango ukagongwa.

Mara moja. Chini, usawa wa magoti.

Mzazi akajitupa kwenye kitasa. Kisirani akamdaka kiunoni, wakaanguka wote, akamng'ang'ania kama kupe. Muuguzi pembeni anasoma dua anazozijua na asizozijua. Wakakaa hivyo sakafuni, yule anavuta, huyu hamwachi, mpaka harufu ikakata.

Haukupita muda, mkubwa wake akaingia kwa mlango wa nyuma, jasho linamchuruzika.

"Samahani, mdogo wangu. Simu yangu imekufa tangu jua kuzama, haiwaki kabisa. Nikaona nije mwenyewe. Kuna jambo?"

Muuguzi akainamisha macho.

Ndipo mzazi, yule asiyesema, akamgeukia Kisirani.

"Kumbe na wewe unamsikia."

"Anamsikia nani?" mkubwa akauliza. Na akamtazama Kisirani kwa lile jicho wanalowatazamia wagonjwa.

Angeweza kukana. Neno moja tu, mambo yakaisha, na mzazi akabaki mwendawazimu peke yake.

"Namsikia," akasema. "Na sikumfungulia."

Mkubwa akanyoosha mkono polepole. "Lete simu. Nenda kalale, nitaitika mimi."

"Zamu yangu haijaisha."

Simu ikaanza kulia mfukoni mwa Kisirani. Waliogeuka ni yeye na mzazi tu. Mkubwa bado kanyoosha mkono, anasubiri, wala jicho halikutikisika.

Kisirani akaushika mkono wa mzazi, akaukaza. Simu akaiweka sikioni.

"Haya. Sema."