Kuku wa Uzi Mwekundu

Jumamosi ile duka la Thakorbhai, mjini Bukoba, lilijaa watu hadi barazani, na wote walimtazama Zuena. Hawakutazama gauni lake la maua wala mtandio wake wa njano. Walitazama kikapu chake. Binti wa watu alikuwa amenunua vitunguu saumu vya kutosha kijiji kizima.

"Una harusi, dada?" akauliza kijana aliyesimama nyuma yake, kaptura yake ya kaki imenyooshwa pasi barabara.

"Nina kuku."

"Unawapika wote leo?"

"Nawalisha," akasema Zuena. "Navitwanga, nawachanganyia kwenye pumba. Wananenepa upesi kuliko wa jirani. Ukitaka kucheka, cheka tu."

Hakucheka. Aliitwa Saburi, msaidizi wa Bwana Mifugo huko Muleba, na alikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Alimbebea kikapu mpaka mtaa wa Bilele, kwa shangazi Zabibu aliyemlea Zuena, akiuliza maswali njia nzima. Unawapa kiasi gani? Hawaikatai harufu? Zuena hakuwahi kukutana na mwanamume anayeuliza kisha akasubiri jibu. Alipofika mlangoni alikuwa amekwisha kumpenda.

Wiki iliyofuata Saburi alileta vifaranga ishirini wa kizungu.

"Kumi wale vitunguu, uwafunge uzi mwekundu mguuni. Kumi wale pumba tupu, banda lao peke yao. Baada ya wiki nane tunapima."

"Na wa uzi wakizidi?"

Saburi akatazama viatu vyake. "Wakizidi, naleta posa."

"Na wasipozidi?"

"Mbona unaniombea mabaya, mpenzi?"

Kila Jumamosi alishuka kwenye basi, nywele zinang'aa mafuta, na kabla hajakaribishwa huuliza, macho yake kwenye mabanda ya kuku, "Wakwe zangu hawajambo?" Zuena humjibu kwamba wakwe zake wamelala, labda azungumze na mchumba. Shangazi Zabibu aliyasikia yote akiwa jikoni, akitabasamu peke yake.

Siku ya kupima, Saburi aliazima mizani ya kahawa. Wa uzi mwekundu walikuwa ratili tatu tatu. Wale wengine nao ratili tatu tatu. Akainama kwenye kihori cha wasio na uzi, akanusa, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kinanuka vitunguu, Zuena. Umewalisha wote ili wa uzi wasizidi. Kama hunitaki, ungesema tu."

"Wallahi sikuwapa."

"Basi wamekwenda dukani wenyewe."

Akachukua mizani yake akaondoka. Jumamosi mbili zikapita bila ya Saburi.

Zuena alilia mpaka akachoka, kisha akaanza kujiuliza. Kama si yeye, ni nani? Asubuhi moja alijifanya anakwenda kisimani, akarudi kwa kupitia migombani. Shangazi Zabibu alikuwa amepiga magoti mbele ya banda la wasio na uzi, kinu kidogo mapajani.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Wenzao wanapewa kitu kizuri kila siku, hawa wanatazama tu," akasema Zabibu bila aibu. "Nimelea yatima mimi. Kubagua sijui."

Zuena alikuwa tayari kugomba, lakini yatima huyo alikuwa yeye.

"Vaa baibui, Shangazi. Tunakwenda Muleba."

Kumfuata mwanamume hadi kazini ni aibu kwa msichana, lakini akiwa na shangazi yake ni ziara. Walimkuta Saburi nje ya ofisi, amekonda. Zabibu alieleza kila kitu bila hata kukaa.

"Wa kulaumiwa ni mimi, mwanangu. Huyu hajui kudanganya. Hata akizidisha chumvi, husema."

Saburi akatoa daftari mfukoni. "Waitu, shangazi," akasema kwa heshima ya Kihaya, "uliwapa punje ngapi kwa siku?"

Zuena akaingilia kati. "Hilo tu ndilo swali lako?"

"La." Saburi akamgeukia. "Nisamehe, Zuena. Niliiamini pua yangu kuliko kinywa chako."

Zuena alimtazama hadi akaridhika. "Na vitunguu?"

"Bado hatujui. Itabidi turudie, wiki nane nyingine."

"Na posa nayo isubiri?"

"Mshenga anakuja Jumamosi. Kuku tutawapima tukiwa mume na mke."

Shangazi Zabibu akafuta macho kwa upindo wa baibui. "Sawa," akasema. "Ila safari hii banda la pumba tupu mlitie kufuli, na ufunguo msinipe mimi."