Tairi Pana Kidogo

Haya yalimkuta rafiki yetu fundi saa, mtu asiyejua kutia chumvi. Gari lao la kizamani, lake na mkewe, lilikuwa limeishiwa matairi, na muuzaji akamwambia, “Kaka, saizi yenu haitengenezwi tena. Chukua hili, ni pana kidogo. Ukishalifunga, kata usukani mpaka mwisho uone kama linagusa bati la madigadi.”

Zamani kazi hiyo walikuwa wakiifanya wawili. Mkewe alikuwa akishika usukani, yeye akichuchumaa na kuingiza vidole kati ya tairi na bati. “Kata kushoto, bibie, taratibu.” Kisha, “Rudisha,” na hapo tu ndipo mkewe hushuka. Lakini mvua za mwaka huu zilimkuta mkewe kaburini.

Tairi jipya alilifunga peke yake. Umeme ukakatika, giza totoro likajaa gereji. Akaingiza vidole, na kwa mazoea ulimi ukamponyoka: “Kata kushoto, bibie, taratibu.”

Kiti cha dereva kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia. Tairi likageuka taratibu, mpira ukisaga sakafu, likasimama kabla tu ya kugusa vidole vyake.

Lilibaki neno moja, na fundi saa hakulisema. Alibaki amechuchumaa, na kiti kikaendelea kulia gizani, kama cha mtu anayesubiri.