Niliomba Ushahidi, Kisha Nikauficha

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Bukoba. Mwaka ule vita vya Iraki vilipoanza nilikuwa nasoma historia Washington, chuo cha karibu na mtaa wa Shaw. Mwalimu akisema mvua inanyesha, mimi nachungulia dirishani kwanza. Nilijivunia hilo...

Darasani rafiki yangu mkubwa alikuwa Dina, Mwichita, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, kutoka Oklahoma. Siku moja alisimama akaeleza jinsi walowezi wa Kizungu walivyovamia kijiji cha wazee wake, karne ya kumi na tisa, wakachoma nyumba zikiwa na watu ndani. Alihadithiwa na bibi yake.

Nikanyoosha mkono. "Ushahidi wa maandishi uko wapi?"

Darasa likacheka. Dina akakaa.

Mchana, baada ya masomo, nilikuwa na kazi ya kumhudumia mzee mmoja Mzungu huko Bowie, nje ya Washington. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na wiki hiyo akanipa daftari la babu wa baba yake nimsomee. Humo babu huyo aliandika kwamba yeye na walowezi wenzake walifika alfajiri, wakatia moto nyumba za Wawichita. Aliyetoka alipigwa risasi mlangoni. Mama mmoja alitoka na mtoto mgongoni, nywele zikiwaka. Wakamponda kwa kitako cha bunduki ili kubania risasi. Waliobaki ndani, aliandika, walinyamaza kabla paa halijaanguka.

Nyumba zenyewe alizichora. Zilikuwa misonge, nyasi toka juu hadi chini, kama nyumba ya bibi yangu kule Bukoba. Nyasi zile nazijua zinavyoshika moto...

"Mbona umeacha kusoma?" mzee aliuliza.

Dada Koku, niliyekuwa nikiishi kwake Lanham, aliposikia habari ya daftari aliniambia, "Deo, mpigie mwenzio leo hii."

"Mitihani ikiisha, dada."

"Mitihani au kiburi?"

Kiburi. Nilikuwa nimeshinda mjadala. Ningeanzaje kukiri?

Wiki ya tatu mzee alifariki. Nilipofika, binti yake alikuwa uani, jiko la kuchomea nyama linafuka. "Aibu za ukoo," alisema. "Sitaki wanangu wazisome."

Nilitumbukiza mkono motoni. Nilitoa jalada tupu la daftari, na kovu nililonalo hadi leo.

Nilimweleza Dina yote. Aliitazama bandeji yangu.

"Ushahidi uko wapi, Profesa?"

Nilimwonyesha lile jalada tupu.

"Mimi nakuamini," alisema. "Hata bila karatasi." Akachukua mkoba wake, akaondoka. Hajaongea nami tena.

Ndugu msomaji, uliza maswali, sikukatazi. Lakini ukipata jibu, lipeleke siku hiyo hiyo kwa uliyemfedhehesha. Mimi nilingoja... na watu wale wakaungua mara ya pili, mimi nikiwa nimeushikilia mlango usifunguke.