Mia Tatu Waliosema "Tuko Pamoja"

Ndugu zangu, walimu na wazazi, kaeni nami kidogo. Kila jioni mwalimu wa darasa la nne, tuliyemwita Chaki, alimlisha uji mama yake aliyepooza, akimfundisha upya kutaja vitu.

"Hiki nini, mama?"

"Ki... jiko."

"Haya, umepata. Meza sasa."

Utulivu huo ulivurugwa na simu. Tulikuwa na kundi mtandaoni, walimu mia tatu wa shule mbalimbali, na kilio chetu kilikuwa kimoja: fomu za ukaguzi zinazojazwa kwamba watoto wanajua kusoma, hali hawajui. Tukakubaliana mwaka huu kila mmoja aandike idadi ya kweli, maana hakuna atakayewaadhibu walimu mia tatu kwa mpigo. Zikamiminika "Tuko pamoja" na vidole gumba.

Mume wa Chaki, fundi wa kuchomelea vyuma, hakuridhika. "Mama watoto, unawajua hao?"

"Ni walimu wenzangu."

"Sikuulizi kazi yao. Umewahi kumwona hata mmoja akila hasara?"

"Tumeshakubaliana, baba."

Ijumaa Chaki akajaza fomu: watoto sabini na mmoja, wanaosoma kumi na tisa.

Na sisi wengine? Sina uso wa kumhukumu mtu. Nilishika kalamu, nikajiambia: nikikosekana mmoja kati ya mia tatu, nani atajua? Nikaandika kwamba wangu wanasoma karibu wote. Kumbe na wenzangu walijiambia vivyo hivyo.

Mkuu wa shule ya Chaki akamwita. "Kwingine kote watoto wanasoma kama wanakunywa maji. Wako wamelogwa, au mwalimu anasinzia?"

"Waite wasome mbele yako, mkuu."

"Ya nini? Fomu zimeshasema."

Akahamishiwa shule iliyo mwendo wa siku nzima. Mumewe alimlisha mama mkwe vizuri, ila subira ya kumfundisha hakuwa nayo. Chaki aliporudi likizo, mama alimtazama tu. Hakutaja kitu tena.

Kundini tulimtumia pole nyingi. Hakuna aliyekwenda kwa wakubwa kusema, "Mimi ndiye niliyedanganya."

Funzo

Walimu wakiungana mtandaoni wanaweza kuirekebisha elimu. Hilo bado naliamini. Lakini ahadi ya wengi hutimizwa na mmoja mmoja, kila mtu na kalamu yake. Ukiogopa, sema mapema, mwenzako asitangulie akidhani uko nyuma yake.

Wale watoto hamsini na wawili wa Chaki wasiojua kusoma sasa wako darasa la tano. Mwalimu wao mpya amejaza fomu. Wanasoma wote.