Nyayo za Jikoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Polisi alikuwa na kazi mbili: kufagia jikoni na kuosha chupa za mdogo wake. Jina la Polisi alipewa na wenzake darasani, kwa sababu chaki ikipotea ni yeye aliyepekua mikoba ya watu, na mtu akichelewa ni yeye aliyetaka kujua alikuwa wapi na alikuwa na nani. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Hata baba yake, mwoka mikate, akirudi kutoka kazini na unga mpaka kwenye nyusi, humwambia, "Afande, usinikamate. Nimekuja na mkate."

Mdogo wake naye aliitwa Bwana Mdogo, kwa vile nyumba nzima ilimtumikia. Alizaliwa kabla ya wakati, mwepesi kama furushi la leso, na miezi ya mwanzo kunyonya kulimshinda. Akinyonya anapaliwa, akipaliwa anabadilika rangi, na mama anabaki ameshika kifua chake mwenyewe. Madaktari wakaagiza apewe maziwa ya kopo kwa chupa, kidogo kidogo, mchana na usiku. Chupa ile ndiyo iliyomwokoa, na pale nyumbani hakuna aliyesahau hofu ya siku zile.

Sasa Bwana Mdogo alikuwa ametimiza mwaka na zaidi. Alitembea kwa kushika viti, lakini habari ya chakula hakutaka kuisikia. Uji ukija, anafumba mdomo. Kijiko kikikaribia, anageuza shingo. Usiku ndio wakati wake: analia, anapewa chupa, anaivuta huku amefumba macho, analala, kisha baada ya muda analia tena. Pamoja na maziwa yote hayo, kwenye mizani uzito ulikuwa palepale.

Muuguzi wa kliniki, mama mmoja mwenye miwani minene na sauti isiyotaka ubishi, alimkagua kwa makini.

"Koo lake lilipona zamani," alisema. "Ugonjwa uliobaki ni mazoea. Usiku anajaza tumbo maziwa, mchana hana njaa, na asiye na njaa hawezi kujifunza kula. Maziwa peke yake hayamtoshi tena. Usiku mpeni chupa moja tu, na ampe mtu mmoja tu. Kila baada ya siku chache mpunguze maziwa mpaka yaishe. Akilia tena, mbembelezeni, mpeni maji. Mkirudi hapa na uzito huu huu, itabidi alazwe hospitali, alishwe kwa mpira wa puani."

Mama alitoka pale machozi yakimlengalenga. Yeye ni fundi cherehani, na siku hiyo hiyo alichukua uzi mwekundu akaufunga kuzunguka chupa kuonyesha maziwa yaishie wapi. Kitanda cha mtoto kikahamishiwa sebuleni, ambako vyumba vyote vilifungulia milango.

"Chupa ya usiku ni yangu," mama alitangaza. "Wengine msiiguse. Tumeelewana?"

Baba akaitika. Bibi, mama yake baba, akaitika huku anatazama dari. Shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa amekuja kulea mtoto mchana ili mama apate kushona, naye akaitika. Na Polisi akaitika kwa sauti kuliko wote.

Siku zikaenda na uzi ukashuka. Bwana Mdogo hakubadilika hata chembe. Uji wa Shangazi ulirudi jikoni umefanya ngozi juu. La ajabu zaidi, kopo la maziwa lilikuwa likiisha mbio.

"Maziwa haya yanakwenda wapi?" mama aliuliza asubuhi moja, akilitikisa kopo sikioni.

Polisi akazungusha macho. Baba alikuwa ameinama chini ya kiti akitafuta kiatu alichokuwa amekwisha kukivaa. Bibi alishikwa na kikohozi. Shangazi alikuwa anasuuza kikombe haraka haraka, na kwenye mdomo wake wa juu palikuwa na alama nyeupe.

Basi Polisi akapata mtuhumiwa. Tangu siku hiyo kila alichofanya Shangazi kiligeuka ushahidi. Akipika uji anafunga mlango wa jikoni; anaficha nini? Akiimba, anajifanya hana wasiwasi. Akinyamaza, dhamiri inamsuta. Alipomkatia Polisi kipande kikubwa cha mkate, Polisi alikila chote, lakini moyoni alikiandika kuwa ni rushwa.

Lipo jambo moja, hata hivyo, ambalo mpelelezi wetu hakuligusa. Mama alishona mpaka mgongo ukauma, na akishatoa chupa yake ya usiku, hulala fofofo. Bwana Mdogo akilia mara ya pili, Polisi ndiye aliyekuwa akiamka. Alimhurumia sana, maana mikono ya yule mtoto ilikuwa myembamba mno. Pia, tuseme kweli, alikuwa na mitihani na alitaka kulala. Kwa hiyo alikwenda jikoni miguu mitupu, akakoroga maziwa, akampa. Kidogo tu, alijiambia. Maziwa ya huruma hayawezi kumaliza kopo, kwa hiyo katika upelelezi wake hayakuingia.

Siku moja alimfuata mama kwenye cherehani.

"Mama, nadhani Shangazi anakunywa maziwa ya mtoto."

Cherehani ikasimama. "Umemwona?"

"Nimeuona mdomo wake. Ulikuwa mweupe."

Mama akarudi kushona, ila jioni ile maneno hayo yalimtoka yenyewe, na yalitoka vibaya.

"Wifi, hebu niambie. Huyu mtoto mchana anakula nini hasa?"

"Hali, wifi. Namlisha, anatema. Unajua mwenyewe."

"Basi mbona maziwa yanaisha?"

Shangazi alimweka Bwana Mdogo mkekani taratibu sana. "Unaniuliza mimi? Mimi ndiye mwizi humu ndani?"

"Sijasema mwizi."

"Bado kulitamka tu. Kesho asubuhi nafunga mizigo yangu."

Baba alijikuna kichwa akasema, "Jamani, jamani." Bibi, ambaye kwa kawaida mtu akimgusa binti yake moto huwaka, safari hii aliuma kona ya leso yake akanyamaza. Polisi aliona ukimya ule ni wa ajabu, lakini hakuwa na nafasi ya kuufikiria. Kesho hiyo hiyo ilikuwa siku ya kurudi kliniki. Shangazi akiondoka na siri yake, nani angejua tena kwa nini mtoto hanenepi? Ilibidi ushahidi upatikane kabla ya asubuhi.

Wote walipokwenda kulala na mama alipokwisha kutengeneza chupa yake, Polisi alichota unga kwenye mfuko wa baba. Akauchekecha juu ya sakafu nyeusi ya jikoni, kuanzia kwenye rafu ya kopo mpaka mlangoni, mwembamba sawasawa, huku akirudi kinyumenyume. Kisha akaenda kulala akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya mama. "Nani amemwaga unga huku?"

Polisi akakurupuka. "Mtu asikanyage! Ni mimi, mama. Nimetega. Leo tutaona nyayo za anayeiba maziwa."

Wakaja wote mlangoni. Shangazi alikuja wa mwisho, begi lake likiwa begani. Kwenye unga kulikuwa na njia kama za ng'ombe waendao kisimani.

Polisi aliinama. Nyayo za kwanza zilikuwa kubwa, za viatu vilivyolika kisigino upande mmoja. Alivijua viatu hivyo, maana ndiye aliyevipiga rangi kila Jumapili.

"Baba?"

Baba, ambaye siku hiyo alikuwa amerudi mapema kutoka tanurini ili awasindikize kliniki, alikohoa. "Mimi hutoka usiku wa manane. Nikipita sebuleni kijana ananinyooshea mikono. Nimpite tu kama mdaiwa? Nampa kidogo tu."

Nyayo za pili ziliburuta, na kando yake kulikuwa na vishimo vya mkongojo.

"Bibi!"

"Ndiyo, bibi!" alifoka. "Nilikaa hospitali na mtoto huyu akiwa hazidi kiganja changu. Mnataka nilale nikisikia analia njaa? Nampa kidogo tu. Nifungeni."

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Polisi akatafuta viatu vya Shangazi, vile vyenye maua kwenye soli. Akatafuta mlangoni, akatafuta chini ya rafu. Havikuwapo. Mtu pekee aliyetuhumiwa ndiye mtu pekee ambaye hakukanyaga pale.

"Na hizi ndogo?" Shangazi aliuliza polepole. "Hizi za miguu mitupu, kidole cha mwisho kimejitenga na wenzake?"

Macho yote yakashuka kwenye miguu ya Polisi. Ilikuwa myeupe, na unga ulikuwa umeganda katikati ya vidole. Alikuwa ameamka usiku nusu usingizini, kama alivyozoea, na miguu ikampeleka njia iliyoijua.

Jibu lilimjia upesi. Angeweza kusema kwamba hizo ni nyayo za wakati wa kuumwaga unga. Nani angebisha? Akafungua mdomo aseme hivyo. Ndipo akaliona begi la Shangazi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni zangu," alisema. "Nimekuwa nikimpa maziwa kila usiku. Na Shangazi hajaiba kitu. Mimi ndiye niliyemwambia mama." Akaanza kulia, na Bwana Mdogo kule sebuleni, asiyependa kupitwa, akalia pia.

Mama akalishika begi la Shangazi akalishusha. "Wifi, nisamehe. Nilikuuliza vibaya, tena mbele za watu."

"Nimeumia," Shangazi alisema, na hakuficha. "Lakini tumpeleke mtoto kwanza."

Kliniki mizani ilisema yale yale. Muuguzi alifungua mdomo, lakini safari hii mama alimwahi na kumweleza kila kitu, hata unga. Muuguzi alivua miwani, akaipangusa, akamtazama mtu mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mtoto hakukataa chakula. Usiku kucha ana karamu, na kila mpishi anadhani yuko peke yake. Mngenificha leo, ningemlaza na kumtia mpira puani kwa ugonjwa ambao si wake." Akavaa miwani. "Nendeni mkafanye nilichowaambia, ila sasa mkifanye kweli. Nataka kumwona tena hivi karibuni."

Usiku uliofuata ulikuwa mgumu. Bwana Mdogo alilia kama anayedai haki yake. Bibi alijifunika blanketi mpaka kichwani na kuwalaumu wauguzi wote duniani. Baba alianza kutokea mlango wa nyuma ili asionane na ile mikono. Zamu ya mama ikiisha, Polisi alipigapiga mgongo wa mdogo wake, akampa maji, akamwimbia, lakini jikoni hakwenda. Siku chache baadaye kilio kikapungua. Uzi mwekundu ukashuka mpaka karibu na kitako cha chupa.

Asubuhi moja, Shangazi alipoketi na bakuli, Bwana Mdogo alitazama kijiko kwa hasira, akatazama bakuli, kisha akafungua mdomo. Akameza. Akafungua tena. Mama aliacha cherehani ikijizungusha yenyewe akaja mbio, na bibi akasema alijua tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo.

Polisi alikuwa amesimama kando. Tangu siku ya unga hakuwa amepata ujasiri wa kumkabili Shangazi peke yake.

"Shangazi, naomba unisamehe. Lakini siku ile mdomo wako ulikuwa mweupe kwa nini?"

Shangazi akacheka. "Hata unapoomba msamaha unahoji! Keti hapa." Akamvuta karibu. "Kuuliza maziwa yanakwenda wapi si kosa. Kosa ni kwamba ulimchunguza kila mtu ukajiacha mwenyewe. Kila aliyempa alificha kidogo chake, na vile vidogo vikakaribia kumlaza mtoto hospitali. Ungesema siku ya kwanza, 'Mama, mimi pia ninampa,' baba yako angesema, bibi angesema, na Bwana Mdogo angekuwa anakula zamani. Siku nyingine ukitaka kumshuku mtu, anza kwa kusema ukweli wako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Basi shika kijiko, mkono wangu umechoka. Uonje kwanza, usimchome ulimi."

Polisi akachota uji, akaupuliza, akauonja. Ulikuwa wa vuguvugu. Akampa mdogo wake, naye akaupokea kwa kelele.

"Afande," Shangazi aliita, akimnyooshea kidole. "Hebu jitazame kwenye kioo. Mdomo wako mweupe."