Mashine Iliyonyamaza kwa Mjomba Peke Yake

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema la kufanya mkuu mwenyewe asiposikia. Kwetu asiyesikia alikuwa mkuu, na kilichokaribia kuvunjika kilikuwa mashine.

Mkuu huyo ni Mjomba, mwenye mashine ya kusaga nafaka nyuma ya soko. Mtaa ulimbandika jina la Tarumbeta kwa kuwa hajui kunong'ona. Siku aliyomwambia mkewe kwa siri kwamba atamnunulia viatu, majirani walikuja kuuliza ni vya rangi gani.

Kila Jumamosi, nikishafua sare, nilikwenda kumsaidia. Mimi nilishika gunia pale unga unapotokea. Yeye alisimama kando ya mashine, kaitegea sikio kama anayepewa umbea.

"Msagaji huona kwa sikio!" alipenda kusema. Kwa mlio tu alijua nafaka inakwisha na mawe yanakaribia kusuguana matupu. Sifa hiyo aliilinda kama mboni ya jicho.

Jioni nikirudi nyumbani, masikio yalinililia nyiii, kama nimefuga nyenje kichwani. Nilidhani kila mtu ana nyenje wake.

Jumamosi moja mashine ilianza kutoa sauti mpya, nyembamba na kali, kama panya aliyebanwa na mlango. Watu kwenye foleni wakaziba masikio.

"Mjomba!" nilipiga kelele, ingawa nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Mashine inapiga mluzi!"

"Mluzi gani? Tangu niitie grisi mwezi uliopita imekuwa pole kama kondoo. Sikiliza inavyoimba!"

"Haiimbi, inalia!"

"Mtoto wa juzi unanifundisha mashine? Shika gunia!"

Nikashika gunia. Punde nikaona moshi ukifuka kwenye beringi, pale mhimili unapozungukia. Nikamvuta shati, akaniondoa mkono kama anayefukuza nzi. Mashine ile ndiyo iliyolisha nyumba nzima. Ikifa, tungekula nini, sifa zake? Niliachia gunia, unga ukamfunika mteja miguu, nikakimbilia swichi na kuizima.

Mjomba aligeuka, uso mweupe kwa unga, macho mekundu kwa hasira.

"Umenizimia mashine mbele ya wateja wangu? Omba radhi!"

Kabla sijajibu, simu ikalia. Ti-ti-ti-ti! Foleni nzima iliutazama mfuko wa shati lake.

"Mnanikodolea macho ya nini?" akauliza.

"Simu yako inalia, Tarumbeta," alisema mama mmoja mwenye ndoo.

Akaitoa, akaishangaa. "Mwezi mzima hakuna aliyenipigia! Nilidhani mmenisusa!"

Watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliisogeza simu sikioni, akaiondoa, akaisogeza tena.

Aliyepiga alikuwa fundi wa mashine, dada mmoja asiye na masihara, ambaye alikuwa amemtafuta wiki tatu ili aje kuikagua mashine. Alifika na sanduku la vifaa, shingoni kaning'iniza vifuniko vya masikio. Akafungua, akatikisa kichwa.

"Beringi imelika. Mngeendelea kidogo, mhimili ungekatika. Nani kazima?"

Mjomba alininyooshea kidole. "Huyu," akanong'ona, jambo ambalo mtaa haukuwahi kulisikia.

"Kaka, masikio yako yamechoka," fundi akasema. "Kelele huua vijinywele vidogo ndani ya sikio, navyo havioti tena. Mara nyingi sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea: mluzi, simu, ndege. Ndiyo maana mashine ilinyamaza kwako peke yako." Akanigeukia. "Na wewe binti, jioni masikio yanakulilia?"

"Kila Jumamosi."

"Hilo ni onyo. Tena, ukiona lazima upige kelele ili mtu aliye karibu nawe akusikie, jua kelele imezidi. Ondoka, au ziba masikio."

"Mimi hutia pamba," Mjomba akajitetea.

"Pamba katie kwenye mto. Vaeni vifuniko kama hivi."

"Nikivaa, nitaisikiaje mashine?"

"Vinapunguza kelele, haviiondoi. Utazoea. Sikio ni chombo cha kazi, kaka. Msumeno ukiwa butu utanoa, sikio halinolewi. Lilinde."

Wiki ile Mjomba alikwenda kupimwa. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Sasa tunafanya kazi na vifuniko masikioni, tukisemezana kwa mikono, naye hunipumzisha nje mara kwa mara. Nyenje wangu wamehama.

Jumamosi iliyopita, kazi ilipokwisha, alizima mashine akavua vifuniko. Nami nikavua.

"Mashine imepona," alisema, "masikio yamepimwa. Limebaki moja. Siku ile ulinizimia mashine mbele za watu. Omba radhi."

Nilimtazama, nikajibu kwa sauti ya kawaida, ile ya watu wawili waliosimama karibu:

"Siombi, Mjomba. Ikilia tena, naizima tena."